Bomba kuu la majitaka limeziba: maswali ninayoulizwa kila masika

Mimi ni fundi bomba, na kazi zangu nyingi ziko Dar es Salaam, kuanzia Tabata hadi Mbezi. Simu za choo kuziba hazina msimu, ila mvua za masika zikianza huwa zinafululiza mpaka naweka simu kwenye chaji mchana. Haya ni maswali ninayokutana nayo zaidi, pamoja na majibu ninayoyatoa nikiwa nimesimama uani kwa mtu, suruali imekunjwa magotini. Karibu yote yana jibu moja fupi: fungua chemba kwanza, vile visanduku vya uani vyenye mfuniko ambamo bomba la majitaka linapita. Usinunue dawa, usiite gari la kunyonya, usivunje marumaru kabla hujafungua chemba ukaangalia.

Nitajuaje kama ni bomba kuu, si choo kimoja tu kilichoziba?

Angalia kama kuna pengine panapogoma. Sinki la jikoni likiziba peke yake huku choo na bafu vinaendelea, tatizo liko kwenye ile kona ya bomba chini ya sinki, na hilo halihitaji kumwamsha fundi usiku. Bomba kuu ni lile linalopokea maji ya vyoo vyote, bafu, jikoni na mashine ya kufulia na kuyatoa nje. Likiziba, maji hayana pa kwenda, yanarudi, na yanatokea mahali palipo chini kuliko pengine pote. Kwenye nyumba zetu nyingi mahali hapo ni tundu la sakafu ya bafu. Ukivuta maji chooni halafu bafuni ukaona maji meusi yanachungulia, usihangaike na choo. Choo ni kizima.

Zipo dalili zinazotangulia siku kadhaa kabla. Mashine ya kufulia ikimwaga maji, choo kinabubujika kama sufuria ya uji. Ukivuta maji yanapanda karibu na ukingo, yanasimama, kisha yanashuka kwa kujivuta. Nje, mfuniko wa chemba umelowa kingoni wakati hakuna mvua. Nyumba ya ghorofa ina ukatili wake: anayemwaga maji yuko juu, anayeyapokea yuko chini, na wa juu hana habari mpaka wa chini apande kugonga mlango.

Fundi, maji yanapanda sasa hivi! Nianzie wapi?

Acheni kutumia maji, nyumba nzima. Zima mashine ya kufulia hata kama nguo ziko nusu, mwambie anayeosha vyombo aache, na kama mnakaa wapangaji wengi pita kila mlango. Ndoo moja inayomwagwa jikoni inatokea bafuni. Kama kuna choo ambacho tangi lake linavujavuja lenyewe, funga koki yake. Hicho peke yake kinaweza kuendelea kujaza nyumba usiku kucha. Toa watoto, inua mazulia, na nyaya za umeme zilizolala sakafuni zichomoe mapema, ukiwa bado umesimama pakavu.

Na tafadhali usiendelee kuvuta maji chooni "kuangalia kama imekubali." Haijakubali.

Chemba ziko wapi? Mimi kwangu sijawahi kuziona.

Zipo. Ni vile visanduku vya tofali vyenye mfuniko wa zege au chuma, mara nyingi sentimita 60 kwa 60 hivi, vinavyokaa pale bomba linapotoka nyumbani, pale linapokata kona na pale mabomba mawili yanapokutana, kabla ya kufika kwenye tanki la septiki. Simama nje ya ukuta wa choo, kisha tembea taratibu kuelekea shimo liliko. Utazikuta njiani.

Usipozikuta, fundi wa marumaru au wa pevingi alipita juu yake. Nimewahi kuitafuta chemba kwa saa mbili kwenye ua uliopigwa pevingi upya, nagonga tofali moja moja kwa mpini wa nyundo nikisikiliza mlio, huku mwenye nyumba akiapa kwamba kwake hakuna kitu kama hicho. Niliposikia mlio wa tupu tukatoa tofali nne. Ilikuwa ya kwanza kwenye mstari, na imejaa hadi juu. Kama uko kwenye hatua ya kupiga pevingi, mwambie fundi anyanyue mfuniko wa chemba uwe sawa na uso wa tofali. Anayesema inaharibu sura ya ua hajawahi kuona ua wenye majitaka.

Nimefungua. Natakiwa kuona nini?

Kwanza fungua zote, si moja. Inua mfuniko kwa kipande cha chuma, rudi nyuma, acha chemba ipumue dakika kadhaa, na usiwashe sigara wala kiberiti karibu yake. Kisha zisome kwa mpangilio, kutoka ukutani kwenda shimoni.

Choo kimejaa lakini chemba ya kwanza ni tupu: kizuizi kiko kati ya choo na chemba hiyo, pengine chini ya sakafu. Chemba ya kwanza imejaa, ya pili imejaa, ya tatu tupu: kizuizi kiko kati ya ya pili na ya tatu, wala usikitafute kwingine. Yaani mtu asiye fundi, kwa kuinua mifuniko mitatu tu, ameshajua ni mita ngapi za bomba za kushughulika nazo. Hakuna kifaa cha dukani kitakachokuambia hivyo kwa bei hiyo.

Zikiwa zimejaa zote mpaka ya mwisho, fungua tanki lenyewe. Hapa watu hushtuka bure. Tanki la septiki likiwa zima huwa limejaa maji muda wote: kinachozama kinakaa chini, mafuta na povu vinaelea juu, na maji ya katikati yanatoka kwenda kwenye shimo la kunyonya, ambako udongo unayanywa. Kwa hiyo kuona maji si tatizo. La kuangalia ni kiwango chake dhidi ya bomba la kuingilia. Maji yakiwa chini ya bomba hilo, lakini chemba ya mwisho imejaa, kizuizi kiko kwenye hiyo njia ya kuingilia. Mara nyingi ni ile tii, kiungo cha bomba chenye umbo la T, iliyo ndani ya tanki, ambako utando wa juu umekauka ukawa mgumu kama mkate wa juzi. Maji yakiwa yamelifunika bomba la kuingilia, mabomba yako ni mazima. Ama njia ya kutoka tanki kwenda shimoni imeziba, ama shimo limeshiba.

Nimekuta mzee mmoja ameshalipa lori likanyonya tanki lote, na choo bado kinarudisha. Pampasi mbili zilikuwa zimekaa mita nne kutoka chooni, kati ya chemba ya kwanza na ya pili, hata hazijakaribia tanki.

Naweza kuzibua mwenyewe?

Kizuizi kikiwa kati ya chemba mbili, ndiyo, kama huna kinyaa na una vifaa. Vifaa vyenyewe ni fito za kuzibulia, zile zinazounganishwa kwa skrubu na kuwekwa kichwa cha mpira au cha spirali mbele. Azima kwa fundi au nunua seti kwa kuchangishana na majirani. Mtaa mmoja unatosheka na seti moja. Vaa glavu ndefu, buti za mvua na miwani, maana maji yanaruka. Mwenye kidonda mkononi asiguse kazi hii.

Kabla ya kuingiza ufito, nenda kwenye chemba tupu iliyo chini na usimamishe kipande cha wavu wa kuku mbele ya bomba linaloendelea. Usipofanya hivyo, utalisukuma donge kutoka hapa likaenda kuziba mbele zaidi, na safari hii mahali usipopafikia. Kisha ingiza fito kutoka chemba iliyojaa kuelekea chini, sukuma na kuvuta kwa mikupuo mifupi, huku ukizizungusha kulia. Kulia tu. Ukizungusha kushoto skrubu inafunguka, na utabaki na nusu ya fito mkononi na nusu bombani. Nimelipwa zaidi ya mara moja kutoa fito za mtu, si uchafu wenyewe.

Ukiamua kuingilia kutoka chemba tupu kwenda juu, simama pembeni, usiiname juu ya mdomo. Kikifunguka, maji yote yaliyokuwa yamesimama yanakuja kwako. Utasikia mngurumo, na kiwango kwenye chemba ya juu kitashuka ghafla. Toa kilichonaswa kwenye wavu kabla hujasherehekea, kisha mimina ndoo za maji kwa mkupuo kutoka chemba ya juu mpaka yapite safi.

Nondo usitumie. Inakwama kwenye kona, na ukilazimisha inatoboa bomba la plastiki. Ukishatoboa, umehama kutoka kuzibua kwenda kuchimba. Ule mpira wa kuzibulia wenye mpini nao unafaa kwa choo kimoja au sinki. Kwenye bomba kuu unasukuma hewa inayokwenda kutokea bafuni.

Soda kostiki, asidi, maji ya moto?

Wauzaji wa dawa hizi hawanipendi, na mimi siwalaumu. Soda kostiki inafanya kazi kwenye mafuta na nywele zilizo karibu na sinki. Kwenye bomba kuu lililosimamisha maji mita sita, haikifikii kizuizi ikiwa na nguvu yake. Inachanganyika na maji machafu na kukaa pale ikimsubiri fundi atakayeingiza mkono. Nina kovu kwenye mkono wa kushoto kwa sababu ya mtu aliyesahau kuniambia kuwa alimimina jana yake. Kama umeshamimina, mwambie fundi kabla hajavua saa.

Pampasi haiyeyuki kwa soda kostiki, wala mchanga, wala mizizi. Soda kostiki ikikutana na mafuta mengi inayageuza sabuni, kwa sababu ndivyo sabuni inavyotengenezwa, na sabuni hiyo inaweza kuganda palepale bombani. Kinachobaki kikifika kwenye septiki kinaua bakteria ambao ndio wafanyakazi wa tanki.

Hatari zaidi ni ile tabia ya kuchanganya. Jana soda kostiki haikusaidia, leo asidi, kesho JIK. Asidi ikikutana na JIK inatoa gesi ya klorini, na bafu zetu zina vidirisha vidogo. Usichanganye, hata ukishauriwa na nani. Maji yanayochemka nayo yanalegeza bomba la PVC na viungo vyake. Maji ya vuguvugu yenye sabuni kwa sinki la jikoni hayana neno.

Hivi ni nini hasa kinachoziba?

Watu wanataka niseme pampasi, na kweli pampasi zipo, pamoja na taulo za kike, wipsi, vipande vya rasta na magunzi. Pampasi imetengenezwa kunyonya maji na kuvimba, sasa fikiria imevimba ndani ya bomba la inchi nne. Wipsi zinaandikwa kwenye paketi kwamba zinafaa kutupwa chooni, lakini haziachani kama karatasi ya chooni. Mwaka 2017 London, mtaa wa Whitechapel, lilikutwa bombani donge la mafuta na wipsi lenye urefu wa mita 250 na uzito wa tani 130 hivi. Wao wana mabomba makubwa ya kupita mtu. Wewe una inchi nne.

Lakini kwa nyumba za hapa kwetu, kisababishi ambacho hakuna anayekitaja ni uhaba wa maji. Bomba la majitaka halisukumwi na pampu. Linategemea mteremko na wingi wa maji yanayomwagwa kwa pamoja. Maji yakiwa ya mgao, au yananunuliwa kwa dumu, mtu anasafisha choo kwa kopo mbili. Uchafu unaondoka machoni, unafika mita mbili mbele, unakaa. Anayefuata anaongeza wake. Baada ya wiki ya mgao kuna ngazi nzima ndani ya bomba, na maji yakirudi kwa kishindo yanakuta ukuta. Kama hamna maji ya kutosha, ni bora kumwaga ndoo nzima mara moja kuliko kopo kopo mara tano. Maji ya kufulia na ya kuoshea mboga yasiyo na mafuta yatunzwe kwa kazi hiyo.

Jikoni kuna mengine. Mafuta ya kukaangia yanapita yakiwa ya moto na kuganda yakipoa. Makombo ya ugali na wali yanavimba. Magamba ya samaki. Na wale wanaosugua masufuria kwa mchanga au majivu kwenye sinki, mchanga hauozi, unalala chini ya bomba kama kwenye mto. Mafuta yaliyobaki yamwagwe kwenye karatasi au kopo na yaende kwenye takataka.

Kisha kuna urithi wa mafundi. Nimetoa bombani mifuko ya saruji, vipande vya tofali, chupa za soda na siku moja mwiko. Nyumba mpya ikiziba ndani ya miezi sita ya kuhamia, mimi huwa sitazami wenye nyumba kwanza. Natazama waliojenga.

Inazibuliwa, na baada ya miezi michache inaziba palepale. Kwa nini?

Kwa sababu hamjatibu, mmepunguza homa tu. Kuziba palepale maana yake bomba lenyewe lina kasoro hapo.

Mteremko ndio wa kwanza kupimwa. Bomba la inchi nne linataka kushuka kama sentimita mbili na nusu kwa kila mita moja. Mita kumi, sentimita 25. Fundi akiwa na mpira wa maji, ule wa kupimia levo ya msingi, anaupima mteremko kati ya chemba mbili kwa dakika kumi. Akiukadiria kwa jicho, basi anakisia.

Pili, bomba limebonyea. Udongo wa mfinyanzi unavimba mvua ikinyesha na kunywea ukikauka, gari linapita juu ya bomba lililofukiwa juujuu, na kipande kimoja kinazama. Majitaka yanasimama kwenye hilo bonde. Kuna njia ya kizamani ya kulijua bila kamera: chemba zikiwa tupu, mmoja amulike tochi ndani ya bomba kutoka chemba moja, mwingine achungulie kutoka nyingine kwa kioo kidogo. Ukiona duara kamili kama mwezi mpevu, bomba limenyooka na ni safi. Ukiona mwezi umeliwa chini au juu, kuna tope au bonde. Usipoona kitu, ama mmekosea bomba ama bado limeziba.

Tatu ni mizizi. Mkungu wa kivuli uani, mwarobaini, mfikusi wa uzio, yote inafuata unyevu. Unywele mmoja unaingia kwenye kiungo ambacho hakikupakwa gundi vizuri, na ndani unakuwa ndevu. Fito zinaikwangua, lakini inarudi. Dawa ni kuchimba, kukata kipande, kuweka kipya na kukiunganisha sawasawa, na ikibidi kuamua kati ya mti na choo.

Kiangazi hakuna shida, masika ndiyo inajaa. Nalo ni kuziba?

Mara nyingi si kuziba. Mikocheni, Msasani, Kigogo na mabonde mengine, maji ya ardhini yako karibu na uso, na mvua ikinyesha yanapanda zaidi. Shimo la kunyonya limechimbwa ili udongo unywe maji. Udongo ukiwa wenyewe umeshiba, hauna pa kuyaweka, na pengine unayarudisha shimoni. Lori likinyonya leo, kesho shimo limejaa maji ya ardhi, na umelipia kunyonya mvua.

Angalia kwanza kama maji ya paa yameunganishwa kwenye chemba. Mafundi hufanya hivyo kwa uvivu, wanaona bomba liko karibu. Yatenganishe, yatafutiwe njia ya kwenye mtaro wa mvua. Zuia pia maji ya ua yasiingie kwenye mifuniko. Mpaka mvua zipungue, punguzeni kufua na kuoga kwa bomba la juu. Ukijaliwa kujenga upya sehemu kama hizo, shimo refu halisaidii kitu; wenye akili wanapanua kwa upana na kuinua juu.

Kuhusu kutapisha, ile ya kusubiri mvua kubwa usiku ukafungulia choo kiende na maji ya mtaani: najua inafanyika, na nimeombwa kuifanya. Siifanyi. Ni kosa, na kile unachokifungulia kinapita kwenye vibaraza wanavyochezea watoto wa bondeni, na kipindupindu hakiulizi kimetoka nyumba namba ngapi.

Gari la kunyonya lilikuja wiki iliyopita, tanki limeshajaa tena. Nimeibiwa?

Huenda, na huenda si hivyo. Simama uone kinachonyonywa. Wengine wananyonya maji ya juu tu kwa sababu yanapanda haraka kwenye mpira, wanaacha tope zito chini. Tope likiwa limechukua kama theluthi ya kina cha tanki, ndilo linalotakiwa kutoka. Mwambie achovye mti mrefu kabla na baada, muone wote wawili.

Lakini kama tanki limenyonywa lote na limejaa ndani ya siku chache bila mvua, shimo la kunyonya limekufa. Kuta zake zimepakwa utando wa mafuta na tope mpaka udongo haunywi tena. Hapo kunyonya ni kununua muda, na utakuwa mteja wa lori daima. Panahitajika shimo jingine, au shimo la sasa lipumzishwe. Uliza pia mzigo unakwenda wapi. Yapo mabwawa ya majitaka, kama ya Vingunguti, yanayopokea malori. Anayejibu "we usijali" anakwenda mtoni.

Kwenye vichochoro ambako lori haliingii, kuna vikundi vinavyotumia pampu ya mkono iitwayo Gulper na kubeba kwa mapipa. Ni kazi ya heshima, inafanyika kwa vifaa.

Hamira, magadi au mafuta ya taa vinasaidia shimo lishuke?

Hapana. Mafuta ya taa yanaharibu udongo na kisima cha jirani. Hamira kapikie maandazi.

Kuna kijana anasema anaweza kushuka shimoni kuzibua kwa mkono. Nimruhusu?

Usimruhusu. Hata kwa dakika moja, hata kama amezoea, hata kama anaitwa chura na mtaa mzima unamjua. Ndani ya tanki na shimo kuna gesi ya haidrojeni salfaidi, ile inayonuka yai viza. Ikiwa kidogo unaisikia. Ikiwa nyingi inaua uwezo wa kunusa, kwa hiyo mtu anadhani harufu imekwisha, na pumzi chache baadaye anaanguka. Kuna methani inayoweza kulipuka, na hewa ya oksijeni ni haba.

Mara nyingi msiba hauishii kwa mmoja. Wa kwanza anaanguka, ndugu yake anaruka kumwokoa, wa tatu anafuata. Akianguka mtu, usishuke. Piga kelele, ita zimamoto, na kama alikuwa amefungwa kamba mvute kwa juu. Kazi yoyote halali ya kuzibua inafanyika mtu akiwa amesimama juu ya ardhi. Na mfuniko mbovu wa shimo uutengeneze leo, watoto wasije wakautumbukia.

Nyumba yangu imeunganishwa na mtandao wa mji. Namwita fundi au mamlaka?

Katikati ya jiji, Kariakoo, Upanga na maeneo mengine yenye mtandao, fungua chemba ya mwisho iliyo ndani ya kiwanja chako. Ikiwa tupu huku ndani kumejaa, tatizo ni lako, ita fundi. Ikiwa imejaa na maji yanatokea upande wa barabarani, toa taarifa DAWASA, mamlaka ya maji na majitaka ya Dar es Salaam, uliza na majirani kama nao yamewapata. Usichimbue barabara mwenyewe wala usifungue chemba za barabarani. Magari yanapita na mifuniko ile ni mizito.

Nani alipe, mpangaji au mwenye nyumba?

Mimi si hakimu, lakini huwa naweka kilichotoka kwenye ndoo, mbele ya wote wawili, kabla ya kukitupa. Kikiwa ni taulo na wipsi, mwenye nyumba ana hoja. Kikiwa mizizi, bomba lililozama au shimo lililoshiba, mpangaji hakujenga nyumba ile. Kwenye nyumba za vyumba vingi watu huchangishana gharama za kunyonya kwa idadi ya vichwa, na hiyo naona ni haki kuliko kwa vyumba: chumba cha mtu mmoja na cha watu sita havijazi sawa. Kama mkataba wenu wa maandishi haulitaji jambo hili, liandikeni sasa, mkiwa hamjagombana.

Maji yaliingia ndani. Nasafishaje?

Vaa glavu na viatu vya kufunika. Toa uchafu kwanza, osha kwa maji na sabuni, kisha ndipo upake maji yenye klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, uache dakika kadhaa, usuuze. Klorini juu ya uchafu haifanyi kazi, inapotea bure. Magodoro na mazulia yaliyolowa majitaka sikushauri uyaokoe. Chakula kilichoguswa kitupwe.

Jambo ambalo watu wengi hulisahau ni tanki la maji safi la ardhini. Nyumba nyingi zina tanki la zege chini ya baraza, hatua chache kutoka chemba. Majitaka yakifurika juu ya mfuniko wake, au yakipenya kwenye ufa, nyumba nzima inakunywa. Kama yalifika hapo, msinywe wala kupikia maji hayo mpaka tanki likaushwe, lisuguliwe na kutiwa dawa. Mtu akianza kuharisha maji maji, msisubiri asubuhi, mpelekeni kituo cha afya.

Nimwulize nini fundi kabla hajaanza?

Muulize kizuizi kiko kati ya wapi na wapi. Akianza kutaja bei ya kuvunja sakafu kabla hajainua mfuniko hata mmoja, mshukuru na mpe nauli. Kubaliana kama bei ni ya kuzibua au ni ya kutwa, maana ni vitu viwili. Akimaliza, chemba zote ziwe wazi, vyoo vyote vivutwe maji kwa pamoja, na wewe usimame kwenye chemba ya mwisho uyaone yakipita.

Ndiyo kwanza najenga. Nifanye nini nisije nikakupigia simu?

Weka chemba kila kona, hata kama fundi anasema elbo inatosha. Chini ya chemba ajenge mfereji wa mviringo unaoendeleza bomba, asiache sakafu bapa ambako uchafu utakaa. Bomba la hewa lipande juu ya paa. Mabomba yazibwe midomo muda wote wa ujenzi. Huo mwiko nilioutoa ulikuwa na saruji bado imeushika. Tanki lijengwe mahali lori linaweza kulifikia, si nyuma ya jiko la nje.

Na kabla hawajafukia mtaro, piga picha. Weka futi ya kupimia ndani ya picha, ionekane bomba liko umbali gani kutoka ukutani na kina chake. Piga kila kiungo. Kisha zitume kwa mtu mwingine katika familia, kwa sababu simu yako hiyo itaibiwa au kutumbukia majini kabla choo hakijaziba.